Nani Acheze na Batuli

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kutwa. Walikuja hivyo hivyo, viatu wakaviacha barazani vimejaa matope. Ni Jumapili ya kwanza nyumba hii kukusanya watu kwa furaha tangu mke wangu Raya afariki mwezi wa Rajabu. Ramadhani walikuja kufuturu, lakini hiyo ni ibada: mtu anakula, anaswali, anakwenda zake.

Jumapili ilikuwa ya Raya. Zamani sinia likishaondolewa, wanaume walisinzia na wanawake wakarudi uani, kila mmoja na simu yake. Yeye hakuipenda hali ile. Mwaka ambao Dadi, mtoto wetu wa mwisho, alijinunulia mashine ya gemu ya mtumba, Raya aliitoa chumbani kwake akaiweka ukumbini, akasema kitu chenye kelele namna hii hakiwezi kuwa cha mtu mmoja. Toka hapo kila Jumamosi alikwenda kwa Hija, mwenye kibanda cha gemu karibu na stendi, kuazima CD. Alichagua kama anavyochagua samaki. Anaigeuza, anauliza, anairudisha, anaondoka, kisha anarudi kuichukua ile ile. Jumapili wote walicheza, hata dada yake mkubwa, Batuli, anayetoka Kaole, na yeye ni mkubwa kuliko mimi.

Leo niliwaambia wachague wenyewe. Mdogo wangu Kulwa akachagua mpira. Akacheza yeye na Dadi tangu tulipokula mpaka alasiri. Batuli alikaa, akauliza wekundu ni timu ya nani, hakujibiwa, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Dukani hakuja mtu ila wa kujikinga.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda mwenyewe kwa Hija. Nauza vipuri vya baiskeli hatua chache kutoka pale lakini sikuwahi kuingia. Ndani giza, vijana wamebanana kwenye mabenchi, hakuna aliyegeuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka gemu la watu wote."

"Watu gani?"

"Wote. Wakubwa, wadogo, wanawake."

Akanitazama kama nimemwambia nataka baiskeli ya kupanda watu kumi. "Bi Raya alikuwa anakuja na majina," akasema. "Leo anakuja fulani na fulani, nipe la kuwafaa."

Nikamtajia majina. Akanipa la magari.

Jumapili, 13 Aprili

Gari la Batuli lilikuwa linakwenda taratibu pembeni ya barabara, kwa sababu alitaka kuona nyumba. Kulwa alikuwa anamfokea kwamba anaziba njia. Batuli akasema, "Pita basi, si una honi." Baadaye akageuza gari akarudi alikotoka, maana kuna bustani aliipita hakuiangalia vizuri. Maandishi mekundu yakajaa kwenye runinga kumwambia anakwenda siko. Dadi akamnyang'anya pedi ya kuchezea kwa adabu, akasema, "Nikusaidie, mama mkubwa." Hakumrudishia.

Ummy, binti yangu, alisema kichwa kinamzunguka. Mumewe Twalha aliendesha vizuri kuliko wote, naye ni kwa kuwa anaendesha lori.

Nimeudhika bila kujua nimeudhika na nani.

Jumapili, 20 Aprili

Gemu la maswali. Hija alisema linafaa familia. Maswali yote ni ya Kiingereza, yanauliza mito ya Ulaya na wachezaji wa sinema. Ummy peke yake ndiye aliyejibu, kwa sababu anafundisha. Batuli akasema, "Mmeniita kula, mmenipa mtihani." Watu wakacheka. Mimi niliona aibu, maana ni mimi niliyelileta.

Jumapili, 27 Aprili

Umeme ulikatika kabla ya sinia kuondolewa. Tukakaa tukisikiliza bati. Nilishukuru.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekumbuka Raya alikuwa akicheza anatoa ncha ya ulimi kushoto. Akishinda anaurudisha. Nilikuwa najua matokeo bila kutazama runinga.

Yeye na Batuli walikuwa wakicheza pamoja mwisho, wengine wakishachoka. Walitukanana matusi ya utotoni, majina ya mbuzi wa baba yao, na mwalimu wa chuoni aliyekuwa na meno marefu. Sikumbuki hata gemu moja walilocheza. Laiti ningekuwa natazama.

Jumamosi, 3 Mei

Hija amechoka na mimi. Amenipa la ngumi. "Hili mzee halina kanuni. Unabonyeza tu. Hata bibi yangu analiweza."

Nikaona sawa. Nikafikiri kosa lililokuwapo ni kwamba wenye kujua wanacheza na wenye kujua, wengine wanabaki. Kwa hiyo nimekata vikaratasi, nimeandika majina ya wote, nimevikunja. Kesho kila mtu atacheza na atakayempata. Hiyo ndiyo haki.

Jumapili, 4 Mei

Naandika haya mara tu baada ya magharibi.

Mambo yalianza vizuri. Kulwa alipangwa na Ummy, akapigwa na binti wa kaka yake mpaka akasimama. Nikaona uso wa Batuli umefunguka. Nikatikisa kofia yenye vikaratasi, nikampelekea. Akachomoa chake akampa Dadi asome.

"Twalha," Dadi akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema turudie. Kila mtu pale ukumbini alijua. Batuli ni dada mkubwa wa mama wa Ummy, kwa hiyo Twalha ni mkwe wake, na mkwe wa kwetu hana mzaha na mama mkwe. Twalha akimkuta barazani anazungukia mlango wa uani. Hawajapata kula sinia moja. Akimwamkia anatazama sakafu. Lakini nilikuwa nimetangaza kwamba vikaratasi havirudishwi, na nikajiambia ni picha tu, wale wanaopigana si wao.

Batuli alimchagua mwanamke mwenye kilemba. Twalha hakuchagua, mashine ikamchagulia jitu moja lenye mabega. Kengele ikalia. Lile jitu likasimama tu. Twalha alikuwa ameishika pedi mbali na mwili kama ameshika kitu cha moto. Batuli naye alikuwa anatafuta vitufe, mwanamke wake anaruka ruka mahali pamoja.

Kulwa akaanza. "Twalha, mpige. Unaogopa nini, mpige."

"Kulwa, nyamaza," Ummy akasema.

"Si mchezo?"

Nadhani Twalha alitaka kurudi nyuma. Anaapa alitaka kurudi nyuma. Akabonyeza kitufe, na lile jitu likainua mguu likampiga yule mwanamke teke la tumbo, akaruka akavuka kamba akaangukia nje.

Sasa gemu hili lina tabia ambayo Hija hakuniambia. Pigo la mwisho linarudiwa. Linarudiwa polepole, kwanza kwa mbele, kisha kwa pembeni, kisha kwa juu. Muda wote huo Twalha alikuwa akisema, "Samahani mama, samahani mama," na mguu wa jitu unapanda tena, na kilemba kinadondoka tena taratibu.

Batuli akaiweka pedi juu ya mkeka. "Haya," akasema, "nimekufa." Akachukua baibui lake. Nilimfuata mpaka barazani nikamwambia mvua bado. Akanijibu, "Si kitu, Bwana Abdullatif." Akapita kwenye matope.

Twalha hakurudi ndani. Alikaa kwenye lori lake mpaka Ummy alipotoka.

Jumapili, 11 Mei

Batuli hakuja. Amesema ni mvua. Kaole na hapa si mbali, na alikuja kwenye mvua kubwa kuliko hii.

Jumatano, 14 Mei

Nimefanya kosa la pili juu ya la kwanza. Nilimwita Twalha, nikampa halua, nikamwambia nenda Kaole ukamwombe radhi mama yako. Akasita. Nikamwambia mtu mzima haogopi kuomba radhi. Akaenda.

Ummy amenipigia simu jioni. Mtoto wangu huyu hapazi sauti, na leo hakuipaza.

"Baba, umemtuma akamwambie nini?"

"Kwamba anasikitika."

"Kwa lipi? Amepiga magoti mbele yake, na jirani wapo, akamwambia mama nisamehe kwa kukupiga teke. Baba, lilikuwa limetokea kwenye gemu. Sasa limesemwa kwa mdomo."

"Batuli alijibu nini?"

"Alimwambia asante kwa halua. Basi. Twalha amerudi hajala."

Raya angeniambia niache. Angeniambia nimwache mwanamke wa watu siku chache, ajisahaulishe mwenyewe.

Jumapili, 18 Mei

Kulwa na Dadi. Mpira. Nyumba nzima watu wawili wanapiga kelele za uwanja, nami nimekaa kwenye kiti.

Ummy alipita asubuhi, peke yake. Amesema Idd el Haj watakwenda kwa watu wa Twalha, Chalinze. Twalha anaona haya kukaa nyumba ambayo mama mkubwa ameikimbia kwa ajili yake. "Na mama mkubwa asipokuja," akasema, "hapa kuna nini, baba? Mama hayupo. Mama mkubwa hayupo. Tutakuja kuitazama runinga?"

Nikamfungia maandazi.

Kwa hiyo mambo yako hivi: Batuli asiporudi, Ummy haji. Ummy asipokuja, Dadi akienda chuoni mwezi wa kumi, Jumapili itakuwa imekufa, na itakuwa imekufa mkononi mwangu.

Alhamisi, 22 Mei

Nimefunga duka adhuhuri nikaenda Kaole.

Batuli alinipokea kwa heshima zote, na hizo heshima ndizo zilizoniumiza. Kiti, mto wa kiti, chai ya tangawizi, vitumbua kwenye sahani ya wageni. Habari za nyumbani, habari za kazi, habari za vijana. Nami nikamjibu, "Njema, dada. Alhamdulillahi, dada." Nikamwambia Jumapili tunamkosa. Akasema vijana wacheze, yeye ni mtu mzima, magoti yanamsumbua. Nikamuuliza kama ana neno na Twalha. Akasema hana, Twalha ni kijana mwenye adabu kupita kiasi. Nikanywa chai. Nikaaga.

Njiani nikawa nafikiri jinsi tulivyokuwa. Batuli ni dada wa mke wangu, na shemeji kwetu ni wa kutaniana. Miaka yote ya ndoa yangu sijapata kuingia nyumba ile nikapewa kiti. Nilikuwa nikipokelewa na, "Umekuja kumaliza unga wangu tena?" Nami nikimwita mke mdogo mvivu, na Raya anacheka jikoni.

Yaliisha siku ya arobaini. Watu wamekaa barazani, Kulwa akasema kwa sauti, na wanawake ndani wanasikia, kwamba nyumba isikae bila mke, na kwa bahati shemeji yupo, mjane, tena hana mzigo. Alisema kwa nia njema, Kulwa husema kila kitu kwa nia njema. Lakini tangu siku ile mzaha wa shemeji ukageuka. Nikimwita mke mdogo, watu watasema anapima maji. Nikaacha. Nikaanza kumwita dada. Niliona ndiyo heshima ya Raya, na ya Batuli mwenyewe. Sikumuuliza.

Jumamosi, 24 Mei

Kwa Hija tena. Nimekaa kwenye benchi lake mpaka vijana wakanizoea. Nimetazama gemu la kulima, Batuli amelima maisha yake yote. La kucheza ngoma mbele ya runinga, nani acheze ngoma mbele ya mkwe? La kuimba, nyimbo zenyewe hatuzijui. La kupika, watu wanne jiko moja wanagombana sufuria, na hilo tunalo uani bila umeme. Kila nililotazama nilimwona mtu wangu mmoja anaachwa nje.

"Mzee," Hija akasema, "hakuna gemu la watu wote. Ningekuwa nalo ningekuwa tajiri."

Nikatoka mikono mitupu. Mvua ikanikuta kati ya kibanda chake na duka langu.

Jumapili, 25 Mei

Hakuja mtu. Kulwa naye ana malaria.

Jumapili, 1 Juni

Jua kidogo. Kulwa amepona, amekuja, amedhoofika, na bado amecheza mpira.

Alhamisi, 5 Juni

Hija amepita dukani mwenyewe, na CD kwenye mfuko wa kaptula. Watu wawili wanahamisha samani, mmoja ameshika kochi huku, mwingine kule, wanalipitisha mlangoni. Hakuna kupigana. Wakwe wanaweza kushirikiana, akasema, nami nikajua habari zetu zimefika stendi.

Nimewapigia wote simu. Nimemwambia Ummy, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kwamba namwomba. Amesema siku ya Idd watakuja mchana, Chalinze watakwenda kesho yake. Batuli amesema Idd haikataliwi.

Jumamosi, 7 Juni. Idd

Walikuja wote. Batuli amevaa dera jipya la kijani, watoto wa jirani amewapa mkono wa Idd, mimi amenipa salamu ndefu. Twalha alikaa kizingitini, nusu ndani nusu barazani, ili akihitajika kukimbia akimbie. Tulikula pilau. Sinia likaondolewa. Nikaweka la kuhamisha samani.

Sijapata kuona kitu kinachochosha vile. Ummy na Dadi walilikwamisha kochi mlangoni. Wakalirudisha. Wakalikwamisha tena. "Kushoto." "Kushoto kwako au kwangu?" Kulwa alilala kweli, na mdomo wazi. Mimi niliendelea kusema linapendeza, linafundisha ushirikiano. Nilisikia sauti yangu inavyosema hivyo, nikataka kuizima mashine na kuwaambia kila mtu aende kwao.

Batuli akasema, "Lile la ngumi mmelipeleka wapi?"

Twalha akasimama. Ummy akamshika kanzu, akakaa.

"Lipo kwa rafiki yangu hapo jirani," Dadi akasema, bila kunitazama. "Nilirudi kwa Hija nikaliazima tena."

"Kalichukue."

Akakimbia, akarudi, akaliweka. Kengele na makelele yale yale. Kulwa akaamka. Dadi akampa Batuli pedi moja, akabaki ameishika ya pili. "Nani acheze na wewe, mama mkubwa?"

"Hilo ndilo swali nililokuwa najiuliza huko Kaole," Batuli akasema. Alikuwa anaongea na Dadi, lakini alinitazama mimi. "Twalha ni mkwe wangu, simchezei, na yeye asinichezee, wala hakuna ubaya. Wewe na Ummy ni wanangu. Kulwa akili yake yote iko miguuni. Nilikuwa na mdogo wangu, amekwenda. Nina shemeji mmoja tu aliyebaki, naye tangu arobaini amejifanya sheikh. Ananiita dada. Dada yako mimi, tangu lini? Baba yangu alikuzaa wapi?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa.

"Nilimpoteza mdogo wangu," akasema, "na arobaini yake ilipofika nikanyang'anywa shemeji. Hakuna aliyekuja kunipa pole ya hilo la pili."

Nilitaka kumweleza. Nilitaka kumwambia habari ya arobaini, na midomo ya watu, na jina lake ambalo nilikuwa nalilinda. Lakini Kulwa alikuwa pale, na nikaona Batuli anayajua yote hayo, ameyajua kabla yangu, na wala hakuomba kulindwa. Nikatoka kwenye kiti. Nikakaa mkekani pembeni yake. Dadi akanipa pedi, na sikujua hata upande wa juu ni upi.

"Imepinduka hiyo, mvivu," Batuli akasema.

"Kelele, mke mdogo," nikasema.

Tukapigana. Yeye na mwanamke wake wa kilemba, mimi na mtu mwembamba nisiyejua nimemchaguaje. Nilibonyeza vyote kwa pamoja na mtu wangu akainama. Batuli akampiga. Akainuka, akapigwa. Kutoka kizingitini nikasikia sauti ya Twalha, taratibu, macho yakiwa sakafuni: "Mama, pembetatu ndiyo teke."

"Ahsante, baba."

"Twalha," nikasema, "mimi je?"

"Baba, wewe ni juu yako."

Teke likaja. Nikaruka nje ya kamba. Kisha mashine ikarudia polepole, kwa mbele, kwa pembeni, kwa juu, na safari hii hakuna aliyeomba msamaha. Ummy alikuwa amejifunika uso kwa mtandio anatetemeka kwa kicheko.

Batuli akageuka kwa Kulwa. "Huyu ndiye uliyetaka kunipa siku ile, barazani? Hata kujikinga hawezi. Nitafutie mwingine."

Kulwa akageuka rangi. Nikasema, "Afadhali. Kwa mateke haya, mahari yote ingeishia hospitali."

Hapo nyumba ililipuka. Kulwa alicheka wa mwisho, naye alicheka kuliko wote, kama mtu aliyetuliwa gunia. Nadhani hakuna atakayeliinua tena lile neno, kwa sababu kila atakayetaka kulisema atakumbuka mtu mwembamba anaelea hewani.

Tuliendelea mpaka adhana. Sikushinda hata mara moja. Na nataka niandike ukweli: nilikasirika. Batuli anatumia kitufe kimoja tu, teke, teke, teke, huo si mchezo, na nilimwambia hivyo, akaniambia nikamshtaki kwa Hija. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Tangu Rajabu nilikuwa nimekasirikia mvua, umeme, vikaratasi, mimi mwenyewe. Nilikuwa nimesahau inavyokuwa kumkasirikia mtu aliye hapo hapo pembeni, anayekucheka.

Twalha aliondoka kwa mlango wa mbele. Alimuaga mama mkwe wake kwa kuinama, naye akampa pilau ya kwenda nayo.

Jumatatu, 9 Juni

Kidole gumba kimevimba, sikuweza kufunga nati ya mteja, nikamwita Dadi. Batuli amepiga simu adhuhuri kuuliza kama kinauma. Nimemwambia hakiumi hata kidogo.